Kreatinini hufika figo zikiwa zimeshaumia

Agosti 2021, UVIKO-19 ikiwa imejaza wodi hadi varandani, nilikuwa zamu ya usiku maabara. Akaletwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kilo 46, homa siku ya sita, anahema kwa shida. Nikapokea sampuli yake dirishani: kichupa chenye kifuniko chekundu, damu bado ya vuguvugu. Nikasubiri igande, nikaizungusha, nikaiweka kwenye mashine. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ikasoma mikromoli 84 kwa lita. Kikomo chetu cha juu kwa wanawake ni 90, kwa hiyo karatasi ilitoka safi, haina hata ile herufi H ya kuonyesha kitu kimepanda. Nikasaini.

Kesho yake hakuna aliyemtoa damu tena, maana majibu yalikuwa mazuri. Siku ya tatu ikasoma 290. Nesi aliyeleta sampuli akaniambia mfuko wa mkojo haujafika hata nusu kikombe tangu asubuhi, na rangi yake ni ya chai ya rangi.

Jioni ile mwanawe akaja dirishani na faili la plastiki. "Shikamoo dokta. Haya ni majibu ya mama ya zamani, sijui kama yatasaidia." Ndani kulikuwa na karatasi ya 2019, alipopimwa kabla ya kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Kreatinini: 48.

Nilibaki nimeishika ile karatasi. Vigezo vya KDIGO, taasisi ya kimataifa ya miongozo ya magonjwa ya figo, vilivyotolewa 2012, vinasema figo zimepata jeraha la ghafla kama kreatinini imefika mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida cha mgonjwa huyo ndani ya siku saba, au imepanda kwa mikromoli 26.5 ndani ya saa 48, au mkojo umepungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa saa sita mfululizo. Mara moja na nusu ya 48 ni 72. Ile 84 niliyoisaini kama nzuri ilikuwa ya mtu ambaye figo zake zilikuwa zimeshaumia siku anaingia. Dispensari alikotoka alikuwa amechomwa dikilofenaki siku tatu kwa ajili ya maumivu ya mwili. Wodini akaongezewa gentamaisini, antibiotiki. Zote mbili zinaweza kuumiza figo. Tukaandika rufaa akasafishwe damu. Alifariki usiku wa kuamkia siku ya kusafiri.

Tangu hapo nimekuwa nikisema jambo moja kwa kila anayenisikiliza: kwa mgonjwa wa virusi aliyezidiwa, kreatinini moja ya siku ya kulazwa haitoshi, na hospitali za mikoa zinastahili kipimo kinachotangulia.

Kreatinini ni taka ya misuli. Misuli huitengeneza mchana na usiku, figo huichuja na kuitoa. Figo zikiacha kuchuja leo saa nne asubuhi, kreatinini haipandi saa nne na nusu. Inajikusanya taratibu, na mara nyingi inachukua siku moja hadi mbili kabla haijaonekana wazi kwenye karatasi. Isitoshe figo zina akiba kubwa. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa kuchuja na namba ikabaki ndani ya kiwango. Mwenye misuli kidogo, kama yule mama, anaanzia chini kabisa, kwa hiyo ana safari ndefu kabla ya kugusa 90. Mgonjwa aliyemiminiwa dripu nyingi damu yake imezimuliwa, na namba inashuka. Kuna jambo la tano ambalo hata madaktari wengi hawalijui: maabara nyingi bado zinatumia njia ya Max Jaffe, ya mwaka 1886, asidi ya pikriki inayogeuka rangi ya chungwa ikikutana na kreatinini. Mgonjwa akiwa na manjano, bilirubini nyingi, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, inaweza kuivuruga njia hiyo na kutoa namba ya chini kuliko ukweli. Na virusi vingi vikali hushambulia pia ini.

Watu huona UVIKO kama ugonjwa wa mapafu tu. Katika hospitali za New York, mwanzoni mwa 2020, wagonjwa 5,449 waliolazwa walichunguzwa, na asilimia 36.6 walipata jeraha la figo. Kwa waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia ilikuwa karibu tisa kati ya kumi. Zaidi ya theluthi moja ya walioumia figo walikuwa nalo wakati wa kufika au ndani ya saa 24 za mwanzo. Ndani ya saa 24! Huo ndio muda ambao kreatinini ndiyo kwanza inaanza kuamka.

Sasa vipo vipimo vinavyowahi. NGAL ni protini ambayo seli za mirija ya figo huimwaga zinapoumizwa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapima watoto 71 waliofanyiwa upasuaji wa moyo, na kwa wale ambao figo zao zilikuja kuharibika, NGAL ilikuwa imepanda ndani ya saa mbili, wakati kreatinini ilichukua siku moja hadi tatu. Kwangu hiyo ni tofauti kati ya kengele na tangazo la msiba. Ila NGAL hutoka pia kwenye nyutrofili, chembe nyeupe za damu, hivyo bakteria wakiingia juu ya virusi inapanda hata figo zikiwa salama. Usiisome peke yake.

Ninachokitetea mimi kwanza ni sistatini C. Hii ni protini inayotengenezwa na karibu kila seli ya mwili kwa kasi inayolingana, haijali kama mtu ni mbeba mizigo bandarini au bibi wa kilo 40. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2004, kwa wagonjwa wa chumba cha uangalizi maalumu, ulikuta inapanda karibu siku moja na nusu kabla ya kreatinini. Siku moja na nusu inatosha kusitisha sindano za gentamaisini. Nayo ina kasoro, na lazima isemwe: dawa za steroidi huipandisha. Tangu Juni 2020, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilipoonyesha kwamba deksamethasoni inaokoa wagonjwa wa UVIKO wanaohitaji oksijeni, karibu kila mgonjwa mahututi anaipata. Kwa hiyo ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, saa ileile ya kulazwa, na baada ya hapo isomwe kwa tahadhari.

Nikiyasema haya kwenye vikao, najibiwa kwamba hivyo ni vitu vya Ulaya. Sikubali. Sistatini C inapimwa kwenye mashine zilezile za kemia ambazo hospitali nyingi za mikoa tayari zinazo. Kinachokosekana ni kitendanishi, ile dawa ya maabara ya kupimia. Ni ghali kuliko cha kreatinini, najua, ndiyo maana sisemi apimwe kila mtu. Apimwe anayelazwa na homa kali na oksijeni ya chini, au anayetapika bila kukoma. Na anayeniambia mazingira yetu hayaruhusu, namkumbusha Kivu, mashariki mwa Kongo. Kuanzia Novemba 2018, katika mlipuko wa Ebola, Beni na Butembo, huku risasi zikisikika, jaribio la PALM liliwapatia matibabu wagonjwa 681 na kreatinini zao zikapimwa tangu walipoingia. Walioingia na kreatinini ya juu ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Kama ilipimika kule, mkoa wenye umeme na barabara ya lami una udhuru gani?

Swali lingine ni zito zaidi: kujua mapema kutasaidia nini wakati jeraha la figo halina dawa? Ni kweli halina. Lakini lina mambo ya kuacha na mambo ya kufanya. Mwaka 2017 Wajerumani waliwachukua watu 276 waliotoka upasuaji wa moyo, wote wakiwa na vipimo vya mapema vya mkojo vilivyoashiria hatari. Nusu walipewa uangalizi wa karibu: kulinda shinikizo la damu, kupima maji kwa makini, kuondoa dawa zinazoumiza figo, kuzuia sukari isipande. Kundi hilo lilipata jeraha la figo kwa asilimia 55, lingine asilimia 72. Hao hawakuwa na virusi, lakini figo inayokosa damu ya kutosha huumia kwa namna inayofanana sana. Ondoa dikilofenaki, weka parasetamoli. Tafuta mbadala wa gentamaisini. Pima potasiamu, chumvi inayojikusanya kwenye damu figo zikishindwa, kabla haijasimamisha moyo. Hayo yote tunayaweza leo.

Wakati kitendanishi hakijaja, tumebadilisha tunachoweza. Kwa mgonjwa wa homa kali sisaini kreatinini kabla ya kutafuta majibu yake ya nyuma kwenye mfumo, na nikiyakuta nayaandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Nisipoyakuta, namwomba nesi awaulize ndugu. Wengi wana karatasi nyumbani, za kliniki ya wajawazito, za upasuaji, za bima, zimekunjwa ndani ya kabati la nguo. Sampuli ya pili tunaidai kesho yake asubuhi hata kama ya kwanza ilikuwa nzuri, na wodini wanapima mkojo kwa saa.

Sistatini C nimeiandika kwenye orodha ya mahitaji miaka mitatu sasa, na mara zote ilikatwa. Ya mwaka huu nimeipeleka jana, na safari hii nimeiweka mstari wa kwanza.