Shukrani Zilizomponza Geisha wa Gion

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, Geisha ilikuwa sabuni ya kuogea kabla hatujajua kwamba ni mtu. Kwa Kijapani maana yake ni mtu wa sanaa, mwanamke anayeburudisha wageni kwa muziki, dansi na mazungumzo, na katika riwaya ya Mmarekani Arthur Golden, Memoirs of a Geisha ya mwaka 1997, sanaa hiyo ina bei. Chiyo, binti wa mvuvi, anauzwa akiwa na miaka tisa kwa nyumba ya mageisha huko Gion, mjini Kyoto. Anafundishwa shamiseni, ala ya nyuzi tatu, dansi, hata namna ya kumimina chai. Na kila kitu kinaandikwa daftarini: ada ya mwalimu, kimono, daktari. Anakua huku deni likikua naye. Sehemu hizo Golden ameziandika kwa ustadi mkubwa, nami nazisifu bila kusita.

Ugomvi ulianzia kwenye ukurasa wa shukrani. Golden alimtaja kwa jina Mineko Iwasaki, geisha mashuhuri wa Gion aliyemsimulia mambo ya ndani. Iwasaki alisema waliahidiana jina lake lifichwe. Mwaka 2001 alimshtaki, na mwaka 2003 wakamalizana nje ya mahakama. Kilichomuuma zaidi ni mizuage: riwayani ubikira wa msichana unashindaniwa na wanaume kwa bei, ilhali Iwasaki alieleza kwamba kwake ilikuwa sherehe ya kuvuka usichana, ya kubadili msuko wa nywele.

Golden ana utetezi, na si mdogo. Chiyo anakulia Gion ya miaka ya 1930. Iwasaki alizaliwa 1949, na sheria ya kupiga marufuku ukahaba ilipitishwa Japani mwaka 1956. Aliyoyaona yeye hayawezi kufuta yaliyowapata wasichana waliomtangulia. Sayo Masuda aliuzwa akiwa na miaka 12 kwa nyumba ya mageisha huko Suwa, mji wa chemchemi za maji moto, na katika kitabu chake cha mwaka 1957 alisimulia mwenyewe jinsi mwili wake ulivyofanyiwa biashara. Ukatili huo haukutungwa na Mmarekani.

Lakini Suwa si Gion, na hapo ndipo namlaumu Golden. Riwaya inafunguliwa na profesa wa kubuni anayedai amerekodi masimulizi ya geisha wa kweli. Inafungwa kwa jina la mwanamke aliye hai. Msomaji atakosaje kuunganisha? Mtunzi ana haki ya kubuni chochote, mnada ukiwemo. Jina la mtu aliyemkaribisha na kumwamini si mali yake.

Kasoro nyingine inanisumbua kuliko hata hiyo kesi. Chiyo anampenda mfanyabiashara anayeitwa Mwenyekiti, aliyemfuta machozi utotoni, na mapenzi hayo yanatufanya tuyasamehe yote: kuuzwa, deni, mnada. Tunafunga kitabu tukifurahi kwamba amempata. Kwa Masuda mambo ni tofauti. Hakupelekwa shule, alijifunza hiragana, herufi rahisi za Kijapani, ukubwani na kwa hizo akaandika maisha yake. Pendo kubwa katika kitabu chake ni kwa mdogo wake wa kiume, ambaye yeye Masuda alihangaika kumlisha baada ya vita.