Tusiiache treni ya Kigoma ife kama zilivyokufa za Wamarekani

Wazee wa hapa Chicago ukiwagusia treni za zamani, nyuso zinachangamka. Wengi huanza na California Zephyr, iliyozinduliwa mwaka 1949 kwenda Oakland, upande wa pili wa nchi. Juu ya mabehewa yake palikuwa na kuba za vioo, na ratiba ilipangwa makusudi ili milima ya Rocky na korongo la mto Feather vipitwe mchana, abiria waone. Chakula kilipikwa humohumo ndani, kikaandaliwa kwenye meza zenye vitambaa vyeupe.

Nawasikiliza kwa furaha, ila kuna watu wanaosahauliwa katika masimulizi hayo. Wahudumu wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman walikuwa kwa sehemu kubwa Wamarekani weusi, na abiria walizoea kuwaita wote "George", kana kwamba hawakupewa majina na mama zao. Chama chao kiliundwa mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na kampuni haikutia saini mkataba nao hadi 1937. Raha ile ilitoka mikononi mwao.

Kisha barabara kuu na ndege zikachukua abiria, posta nayo ikaziondolea treni mzigo wa barua. Mwaka 1970 Zephyr ikafutwa. Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, imelirudisha jina hilo na safari bado ni nzuri mno, lakini sehemu kubwa ya reli ni mali ya kampuni za mizigo, na mara nyingi abiria hukaa pembeni kusubiri mabehewa ya makontena yapite.

Ndiyo maana nina hofu na nyumbani Tanzania. SGR ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, naifurahia kwa dhati, tumeingojea mno. Lakini treni ya zamani ya reli ya kati, ile ya kulala njiani iendayo Kigoma, hugusa vituo vidogo ambavyo treni ya kasi haitasimama. Kuku wa Saranda, asali ya Tabora, akina mama wanaosomesha watoto kwa biashara ya dirishani: hao watauza wapi? Wamarekani waliziacha treni zao zichakae kwanza, ndipo wakasema hazina abiria. Ya Kigoma ipewe vitanda vipya, maji chooni na behewa la chakula linalopika kweli, sasa, wakati abiria bado wanapanga foleni ya tiketi.