"Siruhusiwi"

Wiki iliyopita nilishinda uwanja wa ndege na mama yangu mdogo, tangu asubuhi hadi magharibi. Alikuwa anawahi kliniki Dar. Kila tulipouliza, jibu lilikuwa lile lile: "Sistimu imegoma, subirini kidogo."

Binti aliyekuwa kaunta sina ugomvi naye. Nilimwona akibonyeza, akisubiri, akimpigia mkubwa wake kwa simu yake na salio lake, na simu haipokelewi. Mama mdogo akamwambia, "Mwanangu, si utuandike majina kwenye karatasi tuondoke?" Binti akainama. "Natamani mama yangu, lakini siruhusiwi."

Neno hilo nimelala nalo siku nne.

Kompyuta kuzima ni jambo la kawaida. Julai 19, 2024, sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani. Siku hiyo hiyo, India, kuna abiria waliandikiwa pasi za kupandia ndege kwa kalamu, jina na namba ya kiti kwa wino, wakasafiri. Agosti 2023 mfumo wa mipango ya safari za anga Uingereza ulijizima kwa sababu ya mpango mmoja tu ambao vituo vyake viwili vilikuwa na jina moja. Waongozaji wakarudi kuingiza mipango kwa mkono. Walikwenda polepole, lakini walikwenda.

Sasa tazama Delta, shirika la ndege la Marekani, katika mkasa ule ule wa CrowdStrike. Walifuta safari kama 7,000 kwa siku tano. Kilichowakwamisha zaidi ni mfumo wa kufuatilia marubani na wahudumu: ndege ipo, abiria wapo, rubani yupo hotelini, ila ofisi haijui ni hoteli ipi. Wenzao Southwest, shirika jingine la huko huko, walikuwa wameshapita njia hiyo Desemba 2022. Dhoruba ya baridi ilianza, mfumo wa kupanga wafanyakazi ukazidiwa, safari karibu 17,000 zikafutwa. Marubani walishikilia simu kwa saa kadhaa wakingoja kusema tu, "Niko hapa, nipeni kazi." Serikali ya Marekani iliwatoza faini ya dola milioni 140.

Ndiyo maana nasema shirika linaloweza kuvuka siku kama hiyo ni lile lililomfundisha mtu wa kaunta kufanya kazi bila skrini, likamfanyisha mazoezi, kisha likampa ruhusa. Ruhusa! Kumwandikia abiria pasi, kumtafutia chakula, kumwambia ukweli kwamba leo hakuna ndege ili arudi nyumbani mapema.

Nakubali, kalamu ina hatari zake. Uzito wa ndege hauhesabiwi kwa kukisia, na orodha lazima ilingane na vichwa vilivyomo ndani. Lakini fomu za kupiga hesabu hiyo kwa mkono zipo, na tiketi za karatasi zilikoma rasmi Juni 2008 tu. Waliozijaza wengine bado wako kazini. Waitwe, wawafundishe hawa vijana.

Jioni binti yule alitoka nyuma ya kaunta, akampigia mama mdogo magoti na kumwomba radhi, kama kwamba yeye ndiye aliyezima mitambo. Kliniki imesogezwa hadi mwezi ujao.