Helmeti ya kufunua taya inauzwa Ulaya, lakini kazi yake iko nyumbani

Ukiingia duka la pikipiki hapa Uingereza, helmeti za kufunua taya, yaani zile ambazo kipande cha mbele kinachokinga kidevu hufunuliwa kwenda juu, utazikuta upande wa watu wazima: wenye pikipiki kubwa za safari, wenye miwani, wenye shingo zilizochoka. Muuzaji atakusifia ukimya wake, kioo kisichoshika ukungu na nafasi ya kufungia spika za simu. Hayo yote hayamgusi sana dereva wa bodaboda wa Mbagala au Likoni.

Lakini mtazame dereva huyo toka asubuhi hadi usiku. Anapatana bei na abiria, anapokea simu, anakunywa maji, anauliza njia kwa mama muuza maandazi, anasimamishwa na trafiki. Usiku abiria, hasa akina dada, wanataka kumwona sura kabla hawajapanda. Helmeti nzima ya kawaida, ile ambayo taya yake haifunuki, inamgomea katika kila moja ya shughuli hizo. Matokeo yake tunayaona: imevutwa juu ya paji la uso kama kofia ya sherehe, imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, au imebadilishwa na ile ya nusu isiyokinga kidevu kabisa. Kwa hiyo nasema wazi: helmeti hii inafaa zaidi Dar na Mombasa kuliko Birmingham. Tatizo ni kwamba zile nzuri zinabaki huku, na zinazojaa madukani kwetu nyingi ni za kuiga umbo tu.

Tuanze na kibali, maana hapo ndipo tofauti ya huku na kwetu ilipo kubwa. Huku mnunuzi hufunua mkanda wa kidevu na kusoma kitambaa kidogo kilichoshonwa humo. Kuna herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali: E3 ni Italia, E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza. Chini yake kuna namba ndefu. Ikianza na 06, helmeti imepimwa kwa kanuni mpya ya ECE 22.06 iliyoanza kutumika mwaka 2021. Ikianza na 05, ni ile ya zamani. Kanuni mpya imeongeza kipimo cha pigo la mshazari, lile linalozungusha kichwa, ambalo ya zamani haikulipima.

Baada ya namba hiyo kuna herufi, na kwa helmeti ya kufunua hizo ndizo za kutazama kwa makini. P maana yake imepitishwa ikiwa taya imefungwa. J imepitishwa ikiwa wazi. P/J imepitishwa kwa hali zote mbili. NP inakuambia taya ile haikingi kitu, ipo kwa sura tu. Sasa jiulize dereva wetu ataiendeshaje kwenye foleni ya Kariakoo saa nane mchana. Ataifunua na kuendelea na safari, hilo halina ubishi. Basi asinunue ya P peke yake. Nyingi za P/J zina kitufe au kiwashio pembeni kinachoifunga taya ikiwa juu isidondoke. Isiyo na kifungio hicho, tuta moja lisilopakwa rangi linatosha kuishusha usoni ghafla, huku mkono mmoja uko kwenye klachi na mwingine kwenye breki.

Kwetu kinachotazamwa ni stika ya nyuma, na mara nyingi imeandikwa DOT. Hiyo ni alama ya Marekani, na hata huko kiwanda ndicho kinachojithibitishia chenyewe; serikali haipimi kabla bidhaa haijaingia sokoni. Stika za namna hiyo zinauzwa hata peke yake. Nembo ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, ina uzito zaidi kwa mnunuzi wa nyumbani, lakini nayo ukaguliwe mshono na chapa, maana stika ni karatasi.

Uingereza kuna kitu kingine ambacho natamani Afrika Mashariki tuwe nacho. Tangu mwaka 2007 wizara ya usafiri ina mpango uitwao SHARP, unaonunua helmeti, kuzipiga maabara na kutoa nyota 1 hadi 5. Kwa za kufunua wanaongeza asilimia: katika mapigo yote, ni mara ngapi taya ilibaki imefungwa. Hapo ndipo utakapokuta helmeti ya bei ya kati ina nyota nyingi kuliko ya bei kali, na nyingine ina nyota nzuri lakini komeo lake la kufungia taya linaachia. Majibu yako wazi mtandaoni, hata mtu wa Morogoro anaweza kutafuta jina la modeli kabla hajatoa pesa. Na jambo la kodi: helmeti za pikipiki zenye kiwango hazitozwi VAT huku. Serikali imeamua kutokula kwenye kichwa cha mtu. Wabunge wetu wangeanzia hapo kabla ya kuongeza faini.

Sasa komeo lenyewe. Funua taya uangalie ncha zake mbili, kulia na kushoto. Unataka kuona ndoano ya chuma inayoshika pini ya chuma iliyokaa kwenye ganda. Kwenye za rahisi, ndoano ni plastiki, au pini ni chuma lakini imekaa kwenye kipande cha plastiki kilichobandikwa kwa gundi. Washa tochi ya simu utazame ndani. Kisha ifunge kwa kubonyeza katikati ya kidevu. Usikie mlio wa pande zote mbili. Shika taya, jaribu kuipandisha na kuipinda kama unayekamua nguo. Ikiwa upande mmoja unaachia uwazi au unatoa mlio wa kusagika, irudishe rafuni, hata kama rangi yake imekupendeza. Rudia kufunga na kufungua mara kumi ukiwa umevaa glovu, kwa mkono mmoja wa kushoto, maana wa kulia utakuwa kwenye mafuta.

Kosa linalowapata wengi ni kuifunga kwa kofi la upande mmoja. Komeo la upande huo linashika, la pili halijashika, na mwenyewe anaondoka akidhani amefunga. Ukianguka hivyo, taya inafunuka na uso unabaki wazi. Helmeti ya kufunua yenye komeo bovu ni mbaya kuliko helmeti nzima ya bei ileile, maana ile nzima haina cha kuachia. Kama bajeti haifikii komeo la chuma, nunua nzima, tusidanganyane.

Kuhusu saizi: zungusha tepu sentimita mbili na nusu hivi juu ya nyusi, ipite sehemu ya nyuma ya kichwa iliyotokeza zaidi. Mara nyingi 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, ila kila kiwanda kina jedwali lake. Helmeti za kufunua zina ubaya mmoja hapa: kwa kuwa uso unaingia kwa urahisi, mtu huhisi imemkaa hata ikiwa kubwa. Funga mkanda, shika taya, zungusha kulia na kushoto. Ngozi ya mashavu na ya paji iende pamoja nayo. Kaa nayo dakika 20 hadi 30. Mashavu kubanwa si neno, sponji zitalainika. Maumivu ya nukta moja kwenye paji hayataisha; hilo ni umbo la kichwa kutolingana na umbo la ganda. Wenye kichwa kirefu mbele na nyuma huumia paji, wenye kichwa cha duara huumia pembeni juu ya masikio. Sponji za mashavu zinaweza kubadilishwa kwa nene au nyembamba, lakini paji halina dawa.

Wauzaji wa huku hawana habari na nywele zetu. Mwenye rasta au twende kilioni apime kichwa akiwa na msuko anaouvaa siku zote, na fundo lisiwe kisogoni, kwa sababu linaisukuma helmeti mbele hadi ukingo unashuka machoni. Usiongeze saizi kwa ajili ya nywele nyingi: zikilala, helmeti inazunguka kichwani. Kwa anayevaa hijabu, mtandio mwembamba wa jezi usio na pini unatosha, na hapo helmeti ya kufunua ina raha yake, kwa kuwa haiuvuti mtandio wakati wa kuivaa kama inavyofanya ile nzima. Wenye miwani nao huvaa helmeti na miwani yao ikiwa usoni. Kwenye helmeti nzima lazima uivue kwanza.

Hali ya hewa ndiyo inayogeuza mambo. Huku mtu ananunua ya kumkinga baridi: pazia chini ya kidevu, matundu machache, na kile kioo cha pili cha ndani kinachoitwa Pinlock. Pinlock ni karatasi ngumu ya plastiki yenye ukingo wa silikoni, inakaa kati ya pini mbili za kioo na kuacha hewa katikati, kwa hiyo pumzi haigandi. Ikiingia maji katikati, pini zimelegea. Zizungushe kidogo hadi silikoni ibanane na kioo pande zote. Isifutwe kwa karatasi wala kanga kavu, itachubuka. Kwa Njombe, Mbeya au Limuru asubuhi, chukua. Kwa Tanga, weka pesa yako kwenye hewa.

Na hewa ina udanganyifu wake. Toa bitana ya ndani, uone lile povu gumu jeupe. Fungua matundu ya juu, mulika tochi kutoka nje. Mwanga usipopenya hadi ndani, tundu hilo ni pambo: plastiki imebandikwa juu ya ganda lakini povu halikutobolewa. Zenye hewa ya kweli zina mfereji kwenye povu unaoanzia juu ya paji hadi matundu ya kutolea nyuma. Bitana itoke kwa vifungo vya kubonyeza, ifuliwe kwa maji ya vuguvugu na shampuu ya mtoto, ianikwe kivulini. Anayefanya kazi kila siku ainunue bitana ya pili. Hii ni muhimu kuliko spika za Bluetooth, na abiria anayekataa kuvaa helmeti kwa sababu ya harufu ana haki yake.

Uzito uwe kwenye hesabu pia. Nyingi za kufunua ni kilo 1.6 hadi 1.8, wakati nzima huwa 1.3 hadi 1.5. Ikifunuliwa, taya inapanda juu na uzito unahama, shingo inaanza kuvuta. Zile ambazo taya inazunguka nyuzi 180 hadi kisogoni hupunguza shida hiyo, nazo kwa foleni za mjini ndizo ningezipendekeza mbele ya nyingine. Kelele za upepo, ambazo huku ndizo gumzo, hazina maana kubwa kwa kasi ya kilomita 40. Anayekwenda Dodoma kwa pikipiki anunue vizibo vya masikio vya sponji. Ni bei ya soda na vinafanya kazi kuliko helmeti ya bei mara tatu.

Kioo cheusi tuachane nacho. Uingereza sheria inataka kioo kipitishe angalau asilimia 50 ya mwanga, na chenye giza kiasi hicho hutumika mchana tu. Kwetu watu hufunga cheusi kabisa kwa ajili ya swaga, kisha usiku wanakifungua na kula mchanga. Tafuta yenye kioo safi nje na kile cha jua cha ndani kinachoshuka kwa kiwashio.

Kwa ndugu mnaotaka kuwatumia watu wa nyumbani: msiwatumie iliyotumika. Helmeti iliyoanguka inaweza kuwa na povu lililokwisha kubonyea bila alama yoyote nje, na baada ya miaka mitano hivi ya jasho na jua gundi na povu vimeshachoka. Mnunulie mpya ya pauni 120 hadi 200. Kuna za P/J kwenye bei hiyo. Mwambie apime kichwa kwa uzi, auweke uzi kwenye rula, akutumie picha ya uzi na rula pamoja, na picha ya kichwa chake kutoka juu ili ujue umbo. Kwenye sanduku, jaza ndani fulana laini, si viatu.

Agiza na kioo cha akiba pamoja na vile vipande viwili vya meno vinavyoshikilia kioo pembeni. Hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza kwa vumbi, na vya modeli yako hutavipata Kariakoo. Makomeo yasafishwe kwa brashi ya meno kavu kila wiki, kisha tone la silikoni ya kupuliza kwenye pamba. Oili ya injini hapana: inakusanya vumbi hadi springi inakwama nusu. Petroli na tina pia zisiguse ganda la plastiki, zinalifanya livunjike kama biskuti. Kwa hiyo usimpe fundi rangi aiandike jina. Na isitundikwe kwenye kioo cha pembeni, ile ncha inachimba povu kutoka ndani, mahali palepale kichwa kinapoegemea.