Chungu cha Hanoi kinamsubiri simba wetu

Ukikaa Hanoi na watu wakajua umetoka Tanzania, hawakuulizi habari za Kilimanjaro. Wanauliza kama unaweza kuwapatia kucha za simba. Wanauliza kwa adabu, kama mtu wa kwetu anavyomwagiza ndugu yake karafuu akisikia anakwenda Pemba. Swali hilo linanikera kuliko joto la Julai la mji huu, kwa sababu nyumbani bado tunaamini biashara ya chui milia ni shida ya Waasia, sisi haituhusu.

Inatuhusu, na njia inayotufikia inaanzia jikoni. Kinachotafutwa sana hapa Vietnam ni cao hổ cốt, gundi inayopikwa kwa mifupa ya chui milia. Mifupa husuguliwa mpaka nyama, mafuta na uboho vitoke vyote, maana uboho ukibaki gundi inanuka na haikai. Mifupa inaanikwa, inakatwakatwa, inalowekwa kwenye pombe ya tangawizi, kisha inapangwa kwenye sufuria kubwa. Katikati wanasimamisha tenga la mianzi ili mchuzi uchotwe bila kuvuruga mifupa. Moto hauzimwi usiku wala mchana, na maji yakipungua yanaongezwa mengine yaliyokwisha kuchemka. Wanachota mchuzi wa kwanza, wanaongeza maji, wanachota wa pili, halafu wa tatu. Michuzi yote inachanganywa na kuchemshwa taratibu hadi inanata kama lami, inamwagwa kwenye sinia, na ikipoa inakatwa vipande vya gramu 100. Mnunuzi anakilowesha kipande kwenye pombe ya mchele na kunywa kikombe kidogo kidogo, akitumaini magoti yatapona. Kazi inachukua siku kadhaa. Wanunuzi huchangishana bei ya mnyama mmoja, kisha wanakaa zamu pembeni ya jiko wasije wakabadilishiwa mifupa.

Yeyote aliyewahi kupika supu ya makongoro anajua kilichomo mle. Supu ikilala, asubuhi imeganda na inatikisika ndani ya sufuria. Ni jelatini. Ng'ombe anayo, mbuzi anayo, na chui milia anayo hiyohiyo.

Wanunuzi wazoefu wana kipimo chao. Kabla mifupa haijakatwa wanataka kuushika ule mfupa wa juu wa mguu wa mbele. Karibu na kiwiko wanatafuta tundu dogo ambalo wanaliita jicho la feniksi, yule ndege wa hadithi, na wakiliona mioyo inatulia kwamba huyu ni chui milia halisi. Ndugu zangu, tundu hilo jamii ya paka wote wanalo, na simba analo. Fuvu likiwepo mtaalamu anaweza kuwatenganisha. Likiondolewa, mifupa iliyobaki inafanana mno, na ikishakuwa gundi jicho halisaidii tena, inabidi vipimo vya vinasaba.

Ndiyo maana mifupa ya simba ilianza kusafiri kuja huku. Afrika Kusini ilihalalisha kuuza nje mifupa ya simba wa kufugwa, na mwaka 2017 kiwango kilikuwa seti 800 za mifupa. Mwaka 2019 mahakama ya Pretoria ikasema viwango vilivyowekwa vilikuwa kinyume cha sheria. Biashara haikusubiri mahakama. Julai 2021, bandarini Da Nang, ilikamatwa shehena iliyotoka Afrika Kusini: kilo 138 za pembe za faru, na pamoja nazo zaidi ya tani 3 za mifupa iliyoaminika kuwa ya simba.

Tofauti inayonikosesha usingizi ni hii. Huku chui milia ameisha msituni, amebaki majumbani. Agosti 2021 polisi wa mkoa wa Nghe An waliwakuta chui milia 17 wakubwa wamefungiwa katika nyumba za watu, kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wengine wakiwa na zaidi ya kilo 200. Walipigwa dawa ya usingizi ili wahamishwe, na 8 wakafa. Ukivuka mpaka kuingia Laos, mara ya mwisho kuonekana chui milia wa porini ilikuwa 2013. Kambodia ni 2007. Hawakumalizwa na bunduki peke yake. Walimalizwa na vitanzi vya waya, vingi vikitengenezwa kwa waya wa breki za pikipiki na baiskeli. Kitanzi hakichagui. Kilitegwa kwa ajili ya nguruwe pori, kikamkamata chui milia, na ambaye hakunaswa alikosa cha kula.

Kwetu ni kinyume. Tanzania ina simba wa porini wengi kuliko nchi yoyote duniani, na wako nje, wanatembea kwa miguu yao. Nalisema hili hapa mbele ya yeyote, na sioni aibu kujivuna nalo. Halafu nakumbuka waya. Tairi linachomwa, waya unatolewa, kitanzi kinafungwa kwenye njia ya nyumbu. Serengeti kuna vikosi vinavyong'oa mitego hiyo tangu 2017 na bado haiishi. Nakumbuka pia Ishasha, Uganda, Machi 2021: simba 6 wamekufa, vichwa na nyayo vimekatwa, na pembeni wamelala tumbusi 8 waliokula sumu. Mfugaji aliyekasirika kwa sababu ng'ombe wake wameliwa hakati nyayo. Anayekata nyayo ana mtu wa kumpelekea.

Najua jibu linalokuja: umeshiba wali wa ughaibuni, sasa unatufundisha kuishi na simba, njoo ulale wewe kwenye boma usiku wa mvua. Sawa. Sikuandika ili kumshutumu mfugaji. Anaambiwa simba ni mali ya Serikali, akikutwa na ukucha ni nyara za Serikali na kesi ya uhujumu uchumi, lakini huyo mali ya Serikali akila ng'ombe wanne, kifuta jasho mnajua kinavyokuja. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na si kwa mfugaji.

Dawa zipo na nyingine zimebuniwa kwetu. Boma hai la Simanjiro: unachimbia matawi mabichi ya miti inayochipua, unayafunga wavu wa chuma, miti inaota na kuwa nguzo ambazo mchwa hawali. Simba haingii. Vijiji vya kando ya Ruaha vinawekewa kamera, kila mnyama anayepigwa picha anakipatia kijiji alama, na alama hizo zinageuka dawa za mifugo, vifaa vya shule na vya zahanati. Nepal, nchi ambayo nayo si tajiri, inarudisha asilimia 30 hadi 50 ya mapato ya hifadhi kwa wanavijiji wanaozizunguka. Mwaka 2009 walikuwa na chui milia 121, mwaka 2022 wakahesabu 355. Hawakufika hapo kwa kumtisha mwanakijiji tu.

Wengine wataniambia: basi tufuge simba kama Afrika Kusini, tuuze mifupa, wa porini wapone. Hili nalipinga kwa nguvu zote, kwa sababu Asia walishalijaribu. China ilipiga marufuku mifupa ya chui milia mwaka 1993, mashamba ya kuwafuga yakaendelea kuzalisha. Mwaka 2007 nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, zikakubaliana kwamba chui milia wasizalishwe kwa ajili ya kuuza viungo vyao, na leo mashamba ya Asia yana maelfu, wengi kuliko waliobaki porini. Wa porini hawakupona kwa hilo. Mnywaji wa cao anaamini wa porini ndiye mwenye nguvu na yuko tayari kumlipia zaidi, na shamba linampa muuzaji karatasi za kuficha mfupa wa wizi. Piga hesabu mwenyewe: simba wa kufugwa anataka kilo kadhaa za nyama kila siku kwa miaka, pamoja na uzio, daktari na mlinzi. Wa porini anataka kipande cha waya wa tairi.