Ruzuku ya ndege iwe wazi, kila shirika liigombee

Novemba 2012 shirika la ndege la Fastjet lilipoanza safari za kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, tiketi yake ya chini kabisa ilitangazwa kwa Sh32,000, kodi na tozo kando. Watu waliozoea kutwa nzima kwenye basi wakaonja ndege. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ikatoa notisi ya kulifungia shirika hilo, ikitaja madeni na ukosefu wa ndege. Wakati huo serikali ilikuwa mwaka wa tatu ikilifufua shirika lake la ndege, ATCL (Air Tanzania), kwa ndege mpya, na wengi waliona mkono wa serikali ukimwondoa mshindani.

Mimi naitetea TCAA katika hilo. Shirika lisilo na ndege ya uhakika likiachwa liendelee kuuza tiketi, anayeumia ni abiria. Tatizo liko kwingine. Serikali inayotoa leseni ndiyo hiyohiyo iliyonunua ndege na kuikodisha ATCL kupitia wakala wake, na ndiyo inayobeba hasara. Kwa mwaka 2022/23, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) aliripoti kuwa ATCL ilipata hasara ya Sh56.6 bilioni, huku ubovu wa injini za Airbus ukiwa sehemu ya sababu. Shirika binafsi likipata pigo kama hilo, benki zinabisha hodi. Mwekezaji gani ataleta ndege kushindana na mfuko wa Hazina kwenye njia ya Mwanza, ambako abiria wapo wa kutosha?

Lakini Mpanda? Songea? Soko likiachiwa peke yake, miji hiyo itasahaulika, na mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili hana muda wa kusubiri hesabu za faida. Huko ruzuku ina haki yake.

Marekani ilipoacha kupanga nauli na njia za ndege mwaka 1978, iliweka mpango wa kuyalipa mashirika yahudumie miji midogo, nayo huwasilisha zabuni. Mpango huo unalaumiwa kwa kugharimia ndege zenye abiria wachache, lawama yenye ukweli. Hata hivyo gharama yake inajulikana, mji kwa mji. Sisi tungeweza kufanya vivyo hivyo: ATCL na Precision Air zigombee njia ya Mpanda kwa masharti yaleyale, na Bunge lipewe kiasi cha ruzuku ya kila njia, kisichofichwa ndani ya hasara ya jumla ya shirika.