Anatembea, Halafu Anaomba Kibali cha Ulemavu?

Kwenye fomu ya kuomba kibali cha maegesho ya watu wenye ulemavu kuna swali lililonikwamisha kalamu mkononi: unaweza kutembea umbali gani bila kusimama kupumzika? Nina maumivu ya kiuno yanayoshuka mpaka mguu wa kushoto, huu mwaka wa saba. Siku niliyokuwa najaza, nilikuwa nimetoka na kurudi vizuri tu. Siku nne kabla yake nilishindwa kufika bafuni bila kushika ukuta. Sasa niandike siku ipi?

Walioitunga fomu hawakukusudia kunitega. Sheria inahitaji kipimo, na umbali hupimika. Nchini Marekani, kanuni za serikali kuu za mwaka 1991 zinataja futi 200, kama mita 60 hivi: asiyeweza kuzimaliza bila kupumzika anastahili. Kanuni hizohizo zinamtaja pia mtu ambaye kutembea kwake kumebanwa sana na ugonjwa wa viungo, wa neva au wa mifupa, na hapo wengi wetu wenye maumivu sugu ndipo tunapopata mlango. England nao, Agosti 2019, walipanua masharti ya kadi yao ya maegesho ya walemavu, iitwayo Blue Badge, ili yawafikie wenye ulemavu usioonekana kwa macho. Kwa hiyo mwenye maumivu anapoomba havizii upenyo, amehesabiwa humo. Ubishi uliobaki ni kama aombe, na akipewa akitumie vipi.

Wanaosema asiombe wana hoja moja nzito, nami naiheshimu. Nafasi hizi ni chache, na hazikusogezwa karibu na mlango tu, zimefanywa pana. Anayetumia kiti mwendo anauhitaji ule upana wa pembeni, kama mita moja na nusu, ili akishushe kiti, akilinganishe na mlango wa gari, kisha ajihamishe. Akikuta zimejaa, nafasi ya kawaida haimfai hata ikiwa mlangoni kabisa. Anageuza gari, anarudi nyumbani. Mimi nikiikosa, nateseka lakini nafika. Ndiyo maana mwenye maumivu anayelijua hilo haombi kwa moyo mwepesi.

Ila upana huo si wa kiti mwendo peke yake. Nikishuka garini nageuka mwili mzima, miguu yote miwili kwa pamoja, mkono mmoja kwenye paa na mwingine umeshikilia kiti. Mlango ukizuiwa na gari la jirani ukafunguka nusu, inabidi nijipinde ili nitoke, na kule kujipinda mara moja hunigharimu jioni nzima. Anayenitazama kutoka mbali ataona mtu anayeshuka garini taratibu, basi.

Hoja ya pili ni ya uthibitisho. Maumivu hayana kipimo cha damu. Picha ya MRI inaweza kuonyesha diski za uti wa mgongo zilizochakaa kwa mtu asiyeumwa popote, na isionyeshe kitu kwa mtu asiyepata usingizi. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inakubali kwamba maumivu yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3 yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe, si dalili tu ya ugonjwa mwingine. Hata hivyo, karani anayepokea fomu bado hana cha kushika mkononi zaidi ya maneno yako na saini ya daktari. Hofu ya waongo inatoka hapo. Ni hofu ya haki, lakini nadhani inamtafuta mwizi mlango usio wake: England, kesi nyingi za matumizi mabaya ya Blue Badge zinazofikishwa mahakamani ni za watu wanaotumia kadi ya mtu mwingine. Kumkazia masharti mgonjwa anayeomba hakumzuii mpwa aliyechukua kadi ya shangazi yake.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu huletwa na watu wanaonitakia mema. Wataalamu wa viungo husema, na ni kweli, kwamba kwa maumivu ya aina nyingi kutembea ni sehemu ya tiba. Ukikwepa kila hatua misuli inadhoofu na maumivu yanazidi. Je, kibali hakitanifanya nikae tu?

Nimelipima hili kwa mwili wangu. Matembezi ya mazoezi nayachagulia saa, mwendo na mahali pa kukaa, na nikizidiwa narudi. Mwendo wa kutoka mwisho wa maegesho hauna benchi. Tena unakuja kwanza, kabla ya shughuli iliyonileta: nakula nguvu zote njiani, halafu ndipo foleni inapoanza, halafu kurudi nikiwa na mzigo. Watu wengi huuliza kama nitafika mlangoni. Nitafika. Ila kesho yake sitainuka kitandani. Tangu nianze kuegesha karibu natembea zaidi, kwa kuwa ile robo saa ya asubuhi ninayozunguka taratibu haijaliwa tena na lami. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu kuna macho ya watu. Alama tunayoijua wote, ya mtu kwenye kiti cha magurudumu, ilichorwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed. Imefanya kazi kubwa duniani, lakini imewazoesha watu kutarajia kiti. Anayeshuka kwa miguu yake anaonekana tapeli, na wapo watakaomfuata kumwambia. Nawaelewa wanaoacha kuomba kwa kuikimbia aibu hiyo, lakini sikubaliani nao. Tukijificha sote, wa kwanza kuonekana ataendelea kudhaniwa mwongo.

Kwa maoni yangu, basi, aombe, ila kwa ukweli wote. Kosa la wengi ni kuandika siku nzuri kwa sababu ya staha, au siku mbaya kuliko zote kwa kuogopa kunyimwa. Bora uhesabu: kati ya siku saba, ngapi ni mbaya, na baada ya kutembea unalala muda gani. Weka kumbukumbu kwa wiki tatu au nne kabla ya kwenda kwa daktari, maana yeye hukuona umekaa kitini dakika kumi. Muombe aandike unachoshindwa kufanya, si jina la ugonjwa tu. "Fibromialjia", yaani maumivu sugu ya mwili mzima, pekee haimwambii karani kama unapanda ngazi. Na kama hali yako ni ya kupanda na kushuka, usidharau kibali cha muda. Marekani hutolewa kwa muda usiozidi miezi 6, na kinatosha kuonyesha kama kinakusaidia. Kwa ambaye maumivu yake hayana matumaini ya kuisha, lakini, kumrudisha kwa daktari kila mara kuthibitisha yaleyale ni kumtesa, na hapo naona sheria zilegezwe.

Kuhusu matumizi, nimejiwekea utaratibu wangu. Siku nzuri kadi inabaki ndani ya droo ya gari na naegesha mbali, ili mwenye kiti mwendo apate upana wake. Siku mbaya naiweka kwenye kioo bila kuomba radhi.

Kwenye swali lile la umbali niliandika hivi: mita 150 siku nzuri, kisha nalala chini kwa muda wa saa mbili; siku mbaya, ambazo ni tatu kwa wiki, mita hazizidi 20. Kisanduku kilikuwa kidogo, nikaendelea kwenye karatasi ya pili.